Faili Nene la Maître Ignace

Ignace alitaka leseni. Nirudie? Ignace, mtu anayetia watu aibu kanisani ili walipe, alikuja kwangu Jumanne asubuhi kutaka cheti cha kukusanya madeni kihalali. Mwe! Nilicheka hadi chai ikanipalia.

Mimi ni Kidawa. Nina kompyuta moja, mashine ya fotokopi na meza kwenye veranda ya nyumba ya zamani hapa Bellevue, nyumba iliyokatwakatwa hadi ikawa vyumba tisa. Nachapa barua na kujaza fomu za watu: Wakongo, Warundi, Wakenya, hata wenyeji. Nimetoka Tanga miaka kumi na tisa iliyopita na sijawahi kujipa cheo. Ignace anajiita Maître, kama wanasheria wanavyoitwa kwa Kifaransa. Huko kwao Uvira, Kongo, aliwahi kumbebea mkoba huissier, yaani yule mtu wa mahakama anayekuja kukamata makochi ya wasiolipa. Alibeba mkoba miezi saba. Alipofika Johannesburg akawa huissier mwenyewe, hakuna aliyemwapisha, hakuna aliyemtuma. Cheo amekiokota kama mtu anavyookota kifungo barabarani.

Hapigi mtu, hilo nimpe. Afadhali angepiga, tungejua ni jambazi tukamalizana naye. Yeye akipewa deni la kudai, anakwenda Jumapili kwenye kanisa la mdaiwa, anakaa kiti cha mbele, anasubiri kipindi cha ushuhuda. Kisha anasimama na tai yake. "Bwana asifiwe! Namushukuru Mungu kwa ajili ya dada yetu Orpha. Mungu amemubariki, kila siku anasuka batu nywele. Sasa tumuombee akumbuke zile elfu mbili za Mama Jocelyne." Kanisa zima linaitikia amina, na mdaiwa anatamani ardhi ipasuke. Watu wamekopa kwingine ili tu wasiombewe na Ignace. Kwa kazi hiyo anakata thelathini katika kila mia, na anakwenda nyumbani akijiona mtumishi.

Na kuna la pili, baya kuliko hilo. Anachukua karatasi za watu rehani. Kwa asiyejua: aliyekuja huku kuomba hifadhi hupewa karatasi, sisi tunaiita pemiti. Bila hiyo benki hawakujui, kazi hupati, na polisi akikusimamisha kwenye roboti, yaani taa za barabarani, huna la kumwambia. Ignace anaichukua "kwa usalama", anaitia kwenye mkoba wake wa ngozi ya uongo, na hapo umekwisha, huendi popote.

Orpha ni msusi, anapanga chumba cha nyuma hapa kwetu. Aliingia kwenye likelemba ya Mama Jocelyne, ule mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, akapokea zamu yake, kisha saluni aliyofanyia kazi Doornfontein ikafungwa. Amelipa sehemu kubwa, zimebaki randi elfu mbili. Pemiti yake ilikuwa kwa Ignace tangu mwezi wa tatu. Na Alhamisi ya wiki ile alitakiwa Pretoria kwenye usaili wa kesi yake ya ukimbizi, usaili alioungoja miaka tisa, aende na karatasi halisi, si fotokopi. Jumapili alikuja kulia hapa verandani. "Mama, nikikosa Alhamisi, dossier yangu banaifunga." Nilimtukana Ignace siku hiyo matusi ya kushiba, nikamtukania na tai. Orpha akacheka kidogo, akaenda kulala.

Basi Jumanne huyo hapo, mbele yangu, na suti ya kijivu kwenye jua lote lile.

"Mama Kidawa, niko nataka unijazie fomu hii. Bila kosa hata moja."

Akanieleza. Marshalltown kuna mfanyabiashara anaitwa Ishaka, anauza friji na makochi kwa mkopo, na ana orodha ndefu ya wateja waliohama na friji zake. Ishaka alimwambia: lete kwanza cheti cha Baraza linalosimamia wakusanya madeni, ndipo nikupe orodha. Ishaka si mjinga. Ignace alikuwa ameshaona ofisi, kiti cha kuzunguka, na jina lake mlangoni.

Nikavaa miwani, nikaanza kumsomea. Umewahi kuhukumiwa kwa wizi, udanganyifu, kutumia nguvu au kutisha watu katika miaka kumi iliyopita?

"Hapana."

Umewahi kufilisika?

"Mimi?" Akanyoosha tai.

"Akaunti ya amana unayo? Pesa unayomkusanyia mtu haiingii mfukoni mwako, Ignace. Inakaa benki, peke yake, mpaka umkabidhi mwenyewe."

Akagusa mfuko wa shati bila kujijua.

"Na malipo yako yana kiwango kilichowekwa. Ile thelathini kwa mia sahau. Na ukimwajiri mtu akakudaie, naye asajiliwe kivyake. Na huruhusiwi kutisha wala kumwaibisha mdaiwa mbele za watu. Na hapa sikiliza vizuri." Hapa nilisoma polepole, kama ninamsomea mtoto wa chekechea. "Mtu haruhusiwi kumkusanyia mwingine deni kwa malipo kabla hajasajiliwa. Akifanya hivyo ametenda kosa na atashtakiwa. Umesikia? Kabla."

"Tout à fait," akasema, yaani kabisa kabisa, uso umemeremeta. "Sasa ndiyo maana nimeleta dossier."

Akafungua mkoba, akatoa faili nene kama godoro la mtoto.

Majirani zangu Wakongo nawapenda, walinizikia mume wangu kwa heshima. Lakini hii mihuri itakuja kuwaua. Ignace ameniapia kwamba huko kwao karani mkubwa hasomi faili, analipima kwa mkono: likiwa jepesi, rudi nyumbani. Kwa hiyo miaka yote hiyo alikuwa anakusanya attestation, barua za kuthibitisha kwamba kazi ameifanya. Kila deni alilokamua, hata kabla halijaisha, alimtaka mdai aandike, au mdaiwa mwenyewe. Zilikuwa kumi na nne, kila moja na tarehe, kiasi, na mhuri: mhuri wa kanisa, wa kinyozi, wa kwaya, mmoja wa timu ya mpira iliyokwisha kuvunjika.

Na ndiyo, nilizichapa mimi, msinitolee macho. Zilikuja moja moja kwa miaka minne. Mtu analeta maneno, mimi nachapa, analipa. Kazi ni kazi.

Nikasoma ya tatu kwa sauti. "Mimi Placide, mlinzi, nathibitisha kwamba Maître Ignace alinidai kwa adabu kubwa. Alinitembelea kazini mara kumi na moja na kunishuhudia kanisani Jumapili nne. Alishika pemiti yangu kwa usalama. Alipokea asilimia thelathini. Namtakia maendeleo." Chini yake mhuri wa kinyozi, umegongwa mara mbili ili ukolee.

"Ignace," nikasema, "hii si sifa. Haya ni mashtaka. Umejishtaki mwenyewe mara kumi na nne na umegonga mihuri."

"Hii ni expérience, mama. Banataka kuona expérience."

Loh! Unamwambia mtu nyumba inaungua, anakuuliza kama moto unampendeza.

Kisha akatoa bahasha ya plastiki. Ndani kulikuwa na pemiti kumi na moja. Nikaiona ya Orpha, picha yake ya miaka tisa nyuma, mashavu yamejaa, kabla ya Johannesburg kumla. Maître alitaka nizitoe fotokopi zote ziingie kwenye faili kuonyesha kwamba anaaminiwa. Halafu azichukue zote, fotokopi na zenyewe, azipeleke kituo cha polisi wathibitishe kwamba ni nakala halali. "Polisi banagonga mhuri bure," akaniambia, kama ananipa siri ya utajiri.

Nataka mwelewe. Mtu huyu alikuwa anapanga kuingia kituo cha polisi kwa miguu yake mwenyewe, na karatasi za wakimbizi kumi na moja zisizo zake, na barua kumi na nne zinazoeleza alizipataje, kisha aombe mhuri.

Sitaficha, nilifurahi. Nilimwona keshafungwa pingu. Nilitamani nimtolee fotokopi bure, nimwitie na teksi. Lakini karatasi zikifika kituoni zitakuwa ushahidi, zitatiwa kabatini, na kabati la ushahidi halijui Alhamisi. Orpha angesimama Pretoria mikono mitupu.

Basi nikamwambia kweli. "Ukiingia polisi na hizi, hutoki. Nenda kawarudishie wenyewe leo hii."

Akanitazama kwa huruma. Mimi! Ananihurumia mimi! "Mama Kidawa, una wivu. Na wewe leseni ya hii biashara yako iko wapi?"

"Fotokopi haina leseni," nikasema, nikajifanya natafuta kalamu. Hilo tuliache.

Sikio la kufa halisikii dawa. Nikakaa nikamwangalia anavyopanga zile barua, anazinyoosha kona, anazipuliza vumbi. Sheria alikuwa haiogopi hata kidogo, kwa sababu hakuielewa. Kitu pekee alichokuwa anakiogopa duniani ni faili pungufu.

"Maître," nikasema. Miaka minne sijawahi kumwita hivyo, ulimi ulikataa kidogo. "Faili lako lina pengo."

Mkono ukasimama. "Pengo gani?"

"Mkusanya madeni haruhusiwi kukaa na karatasi ya mtu. Sasa hizi ulizonazo, lazima uonyeshe umezirudisha. Kila mwenyewe atie sahihi na dole gumba kwamba ameipokea mkononi. Kwa Kifaransa mnasemaje, procès-verbal?"

"Procès-verbal!" Macho yakamtoka. "Procès-verbal ya kurudisha! Na mhuri?"

"Miwili."

Akaketi. Akapangusa jasho. Akaniuliza kama ninaweza kuweka na mstari mwekundu pembeni. Nikamwambia naweza.

Nilichapa ukurasa mmoja. Majina kumi na moja, nafasi ya sahihi, nafasi ya dole, na juu kabisa maneno makubwa ya Kifaransa aliyoniandikia mwenyewe kwa mkono wake. Nikaweka mstari mwekundu. Akautazama ule ukurasa jinsi wengine wanavyotazama picha ya harusi yao, kisha akawapigia simu wote, mmoja mmoja, kwa sauti ya mahakama: kesho saa nane, kwa Mama Kidawa, kila mtu na dole lake.

Jumatano saa nane walikuja. Watu wazima kumi na mmoja, wamejipanga kwenye ngazi zangu, wametulia kimya wanadhani wanakuja kuombewa tena. Ignace alikaa kwenye kiti changu. Akiita jina, mtu anakuja, anatia sahihi, anachovya dole kwenye wino, anapewa karatasi yake. Na wanamshukuru! "Asante Maître. Mungu akubariki Maître." Placide, yule mlinzi, dume la mtu linalolinda benki usiku na mchana, alimshukuru mara mbili na kuinama. Mtu amekushikia maisha yako mkobani mwaka mzima, anakurudishia kwa ujinga wake, na wewe unainama! Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimebana meno hadi taya linauma.

Orpha alikuwa wa mwisho. Akatia sahihi, akachovya dole, akanyoosha mkono.

Ignace hakumpa. Aliishika pemiti, akaipigapiga kwenye kiganja. "Huyu bado ana elfu mbili. Wengine bamemaliza, ao banakaribia. Huyu asaini, lakini karatasi ibaki kwangu mpaka mwisho wa mwezi."

Mkono wa Orpha ukabaki pale pale hewani, dole jeusi kwa wino. Mwisho wa mwezi! Usaili ulikuwa kesho yake saa mbili asubuhi.

Nikajisogeza mezani taratibu, nikachukua ule ukurasa, nikachukua na kifutio, nikasema kama mtu anayesema habari za hali ya hewa, "Sawa, Maître. Basi dole lake nalifuta. Siwezi kuandika amepokea hali hajapokea. Watakuwa kumi kati ya kumi na mmoja. Karani atauliza tu huyu mmoja yuko wapi."

"Atauliza?"

"Si kuna mstari mtupu? Mimi ningeuliza."

Akatazama ukurasa. Akatazama pemiti. Naapa nilimwona anapigana: elfu mbili upande huu, mstari mtupu upande ule. Jasho lilimshuka hadi kwenye kola. Mtu mzima, suti, tai, miaka minne ya kutisha mtaa mzima, anashindwa na nafasi ya sentimita mbili kwenye karatasi.

"Chukua," akamwambia Orpha. Akaitupa mezani.

Orpha aliichukua akaikumbatia kifuani, na wino ukampaka blauzi.

Ignace hakumtazama. Aligonga mihuri yake miwili, akauweka ule ukurasa juu ya zile barua kumi na nne, akafunga faili kwa kamba. Nikamwambia tena, mbele ya mashahidi, na hii ilikuwa mara ya pili: "Ignace, usiende polisi na barua hizo." Akaniambia wenye wivu Mungu anawaona. Akashuka ngazi, akaelekea kituoni ili barua na ule ukurasa vigongwe mhuri wa polisi kabla dirisha la mihuri halijafungwa. Placide akamfuata kwa mbali, kwa umbea tu.

Wengine hawakuondoka. Walikaa kwenye ngazi wanatazama karatasi zao, wanasoma majina yao wenyewe. Nikatoa chai. Saa kumi na nusu simu ikaita, Placide huyo, nikaiweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Mama Kidawa, eish! Askari wa pale mezani, mwanamuke mumoja, amesoma barua mbili, kisha ya tatu, ile yangu. Ameita mukubwa wake. Sasa banasoma bote bawili. Bamemukalisha Ignace kwenye benchi. Banamuuliza kila mhuri ni wa nani."

"Na yeye?"

"Anabaeleza! Anabaeleza yote, mama! Ameshafika ule wa kwaya!"

Veranda ilipasuka. Watu walicheka hadi machozi, mtu mmoja alilala chini kwenye simenti akishika mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote. Nikaanza kumwigiza anavyonyoosha tai kwenye benchi, anavyosema tout à fait, na kila nikisema wanaangua tena. Ilikuwa raha, jamani. Walipotawanyika koo lilikuwa limenikauka.

Orpha peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini, pemiti imo ndani ya kanga mapajani. Nilidhani ana hofu ya kesho. Nikamwambia, "Mwanangu, kanywe chai. Mungu amekuonyesha."

Akageuka. "Mama, ile procès-verbal uliiandika kwa muda gani?"

"Dakika ishirini. Na mstari wake mwekundu."

"Dakika makumi mbili." Alilirudia neno hilo polepole. "Tangu mwezi wa tatu niko nalia kwako, mama. Kila mara unamutukana. Unanichekesha, kweli. Halafu mimi naenda kulala bila karatasi."

"Sikuwa nimelifikiria, Orpha. Wazo lenyewe limekuja jana."

"Limekuja sababu yeye amekuja mezani kwako na ujinga wake, wewe ukapata mahali pa kumucheka." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. "Na ile attestation yangu, ya kusema alinitendea kwa adabu. Uliichapa wewe. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nalia. Hukuinua kichwa."

Nilikasirika. Msichana wa juzi ananisema kwenye veranda yangu, siku ile ile niliyomwokoa! Nilitafuta neno la kumrudishia, na maneno mimi sina uhaba nayo, lakini kila nililolipata lilikuwa tusi la Ignace. Nilikuwa namdharau mtu yule miaka minne, namdharau asubuhi na jioni, na kati ya asubuhi na jioni namchapia barua zake. Nilidhani kumdharau ni kumpinga. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Orpha akapanda ngazi, akavuta kiti cha wateja, akaketi mbele yangu.

"Niandikie barua," akasema. "Ya kweli. Jumapili zile zote na tarehe zake, na ile siku alinikamata karatasi, na Mama Jocelyne aliyemutuma. Nikitoka Pretoria kesho naipeleka polisi mwenyewe. Bei ngapi?"

"Kwako bure, Orpha. Bei ya nini?"

"Hapana, mama. Yeye alikulipa."

Akatoa noti kwenye sidiria, akaiweka mezani, akaisukuma hadi ikagusa mkono wangu. Alingoja. Nikaipokea. Nikafungua ukurasa mpya, nikainua kichwa, nikamuuliza jina lake kamili.